Redio ya Marehemu

Umewahi kuishi na redio inayomtii mtu mmoja tu? Sheria ndiyo hiyo: kila nyumba ina msikilizaji wake aliyeandikishwa, na redio ya ukutani hufuata anachotaka yeye. Kwetu aliandikishwa mume wangu, Shekue. Asubuhi taarabu za kale, mchana kriketi mpaka mpira wa mwisho, jioni mazungumzo ya wasomi. Miaka thelathini na minane nimekuna nazi nikisikia mikimbio ya timu nisizozijua.

Alipofariki, redio iliendelea. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, kriketi inanguruma. Waliokuja kunipa pole walinipigia makelele, "Pole, bi mkubwa!" kama wanaonadi samaki.

Nilipotoka eda akaja binti wa ofisi ya redio.

"Bibi, sasa msikilizaji ni wewe. Hata ukiiambia 'nyamaza', inanyamaza."

"Neno hilo tu?"

"Hilo tu. Haya, nikuandikie nini? Muziki, kriketi, au mazungumzo? Siku zote ulikuwa ukitaka nini?"

"Nilitaka marehemu aiambie 'nyamaza' siku moja, mwanangu, halafu aniulize nimeshindaje."