Ubao wa Bibi Twiga

Wanyama nao wana wafadhili wao, na aliyewapita wote kwa ukarimu ni Bibi Twiga. Alianzisha wakfu wa elimu, akajenga shule, na ubao akautundika mwenyewe. Miaka mitatu ikapita, hakuna mtoto aliyejua kusoma. Twiga akaamua kufadhili utafiti, ajue kwa nini.

Kasuku alikwenda kwanza. Akapiga soga na mwalimu Mbuni, akarudi na ripoti nene: "Watoto ni wavivu, Bibi."

Twiga hakuridhika. Akamtuma Kalunguyeye, kiumbe mdogo mwenye miiba, mwoga kupindukia. Huyo aliketi sakafuni pamoja na watoto. Siku ya kwanza tu jibu akalipata, akatamani asingelipata.

"Nikisema, sitapewa tena utafiti," aliwaza. "Nikinyamaza, hawa wataitwa wavivu mpaka wazeeke. Liwalo na liwe."

Akaenda kwa Twiga, miiba imemsimama kwa hofu. "Shikamoo, Bibi. Naomba uje darasani, uinamishe kichwa hadi hapa nilipo mimi."

"Niiname? Mimi?"

"Tafadhali, Bibi."

Twiga akatanua miguu, akashusha shingo hadi kidevu kikagusa vumbi, akatazama mbele. Aliona ukuta mtupu. Ubao ulikuwa juu huko, karibu na paa, na hata herufi moja haikusomeka.

Kasuku, dirishani, alisubiri kwa hamu Kalunguyeye afukuzwe.

"Leteni nyundo," alisema Twiga, kidevu kikiwa bado vumbini. "Na wewe Kalunguyeye, usiondoke. Kuna shule nyingine tisa, na ubao wa kila moja niliutundika mimi."