Bagika au Bagalu?

Konde lilimpata Chenge sikioni, kengele ikalia, naye akarudi kwenye kona yake anatabasamu. Alikuwa anaongoza, na umati uliokuja kusherehekea Uhuru pale uwanja wa Nyamagana ulikuwa unaimba jina lake.

Mwalimu wake wa ngumi alimshika kidevu. Macho ya kijana yalikuwa yanaelea kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

“Chenge, Bagika au Bagalu?”

Hivyo ni vikundi viwili vya ngoma visivyopikika chungu kimoja. Chenge alikuwa Bagalu, yeye na ukoo wake wote. Mwalimu alikuwa Bagika, na miaka nenda miaka rudi alimbembeleza ahamie kwao, akaambulia kuchekwa.

“Bagika,” Chenge akajibu kwa upole.

Lo! Jibu alilolililia miaka yote hiyo! Mwalimu akalirusha taulo katikati ya ulingo, ishara ya kusalimu amri. Pambano limekwisha.

Watu wakazomea. Chenge akaruka juu. “Mwalimu, mbona nilikuwa nashinda!”

“Nimekuuliza ngoma yako, ukasema Bagika.”

Chenge alimkodolea macho, kisha akakaa chini polepole.

“Basi nipelekeni hospitali.”