Shika Bango Kwanza

Mgomo alishika ncha moja ya bango refu asiloweza kusoma hata neno moja, akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Hakujua wanadai nini. Lugha ya nchi ile aliijua maneno kumi, saba ya chakula. Lakini malezi ni malezi. Baba yake, fundi viatu aliyefukuzwa karakana tatu kwa kudai haki, alimfundisha tangu hajaota meno ya pili: "Ukikuta wafanyakazi barabarani, mwanangu, shika bango kwanza, maswali baadaye." Mama yake naye alisema heri kuzaa mwizi kuliko kuzaa msaliti wa wenzake. Hilo jina la Mgomo alipewa akiwa na miaka sita, aliposusa uji siku mbili mpaka kijiko chake kikarudishwa.

Alipofika miaka ishirini na miwili alifunga mkoba akaenda kuizunguka dunia. Nchi nne alishazipita, moja akiwa juu ya lori la vitunguu. Hii ya tano ilikuwa ya kupita tu. Ijumaa saa sita meli ingeng'oa nanga, naye alishapata kazi ya kuosha vyombo humo mpaka ng'ambo ya pili. Kilichobaki ni muhuri wa kutokea. Jumatatu alipanga foleni dirisha namba nne la ofisi ya uhamiaji, na kutoka nyuma ya kioo cha ukungu mkono ukamsukumia kikaratasi: Ijumaa, saa tatu. Bila muhuri angerudishwa nyumbani, na shangazi yake, aliyemuaga kwa kusema mbio za sakafuni huishia ukingoni, angecheka mwaka mzima.

Jumanne ndipo alipokutana na maandamano. Walikuwa watu wapole, wenye miwani na masweta, wakipiga kelele kama wanaoomba radhi. Mgomo uzalendo ukamshinda. Alipanda juu ya pipa la taka, akawafundisha kupiga makofi, akawafundisha kupiga miguu, akawafundisha kukunja ngumi. Mwenzake wa ncha ya pili ya bango, bwana mwembamba mwenye vidole vyenye wino wa zambarau, alitokwa na machozi. Mpiga picha akamnasa Mgomo akiwa ameachama. Kufika jioni mtu mmoja aliuliza jambo, na wote wakanyoosha mikono juu.

Akampigia baba yake simu.

"Walikuwa wanadai nini?"

"Sijui, baba. Lakini mikono yote ilikwenda juu."

"Basi mambo yameiva! Mama yako analia hapa kwa furaha. Usije ukawaangusha wenzako."

"Mimi? Nitawaangushaje, baba?"

Ijumaa, saa tatu kasoro, alifika ofisini na mkoba mgongoni, akipiga mluzi. Mlango ulikuwa na kufuli. Juu ya kufuli palibandikwa tangazo kubwa, na katikati ya tangazo alikuwa yeye mwenyewe, juu ya pipa, ameachama.

Kwenye ngazi aliketi yule bwana wa vidole vya zambarau. Alipomwona aliruka, akamkumbatia, akamwonyesha kufuli kwa majivuno. Kisha, ili ajue kwamba hakuna msaliti atakayefanya kazi mwezi ule, alitoa mfukoni muhuri wa dirisha namba nne, akaubusu, akaurudisha mfukoni.

Mgomo alinyoosha mkono amwombe. Njiani mkono ukakunja ngumi wenyewe, ukapanda juu.