Dawa Mbili, Sahani Moja

Siku aliyotoka eda, Bi Mwanahawa alikwenda moja kwa moja duka la dawa, akaweka pakiti mbili juu ya kaunta.

"Mwanangu, hizi zote si za kupunguza mafuta kwenye damu?"

Binti wa dukani alizigeuzageuza. "Ndizo, bibi. Ila hizi za njano zina nguvu zaidi, hupewa mtu ambaye moyo umeshamsumbua. Nyeupe ni za kuanzia. Zako zipi?"

"Nyeupe. Za njano zilikuwa za marehemu mume wangu." Alivuta mtandio wake. "Zilimuumiza misuli, hata kutoka kitandani ikawa kazi. Nikamwambia, sisi tunakula sahani moja, dawa itutenge ya nini? Tukabadilishana. Miguu ikapona. Akawa ananitania, 'Daktari wangu, leo utanipikia nini?' Mpaka siku moyo uliposimama."

Binti alizisogeza pakiti karibu naye. "Mlimwambia daktari wake?"

"Angetugombeza."

"Pengine ingekuwa vilevile, bibi. Moyo hauna dhamana."

"Pengine," alisema Bi Mwanahawa, akazirudisha pakiti mkobani.

Jioni alitandika mkeka, akapakua wali kwenye sahani yao ileile. Kama ilivyokuwa desturi yao tangu wabadilishane, aliweka kidonge cha njano upande wake na cheupe upande wa mumewe. Akavitazama mpaka wali ukapoa. Kisha, kwa ncha ya kidole, akakisukuma kile cha njano polepole, kikazunguka ukingo wa sahani kwenda upande wa pili.