Risasi Zinazoingia Ubavu

Tundu kwenye karatasi ya shabaha lilikuwa na umbo la risasi iliyolala ubavu. Kapteni aliiweka karatasi mezani mle handakini, kati ya ramani na kikombe cha chai.

"Mama Mitutu," alimwambia fundi wa bunduki, "risasi hutanguliza kichwa. Hii imeingia kama mlevi mlangoni. Mwezi mzima tunafyatua, na tulichoua ng'ambo ya mto ni mbuzi mmoja, naye nadhani kafa kwa mshtuko."

Mama Mitutu, fundi pekee aliyebaki bonde zima, alifumba jicho moja, akachungulia ndani ya mtutu.

"Michirizi ya humu inapinda polepole mno, na risasi zenu ni nzito, tena ndefu. Risasi nzito inataka izungushwe haraka, la sivyo inapepesuka. Ama mpate mitutu ya haraka, ama risasi nyepesi."

"Mitutu mipya tutaitoa wapi? Lete nyepesi." Kapteni akashusha sauti. "Ila fanya hima, mama. Wale wa ng'ambo wakivuka kabla ya Ijumaa, wa kwanza kuwapokea ni mkwe wako. Hilo unalijua."

Alilijua sana. Mkwe mwenyewe alikuwa pale mlangoni, kaanika soksi juu ya bunduki yake, na mkewe huko nyumbani anakaribia kujifungua. Tangu vita vianze, mama wa watu hajalala usingizi wa maana.

Mkwe akapakia makasha ya risasi nzito kwenye mkokoteni. "Nisalimie mwenzangu, mama."

"Salamu zitafika. Na utarudi, baba. Mtarudi wote."

Mama Mitutu akapandisha kitambaa cheupe, akamswaga punda mpaka darajani, akavuka. Walinzi wa adui hawakumuuliza neno. Mmoja alimfungulia kizuizi, mwingine akampa punda maji.

Kapteni wa huko naye alimpokea na karatasi mkononi, ina tundu la ubavu katikati.

"Najua," alisema Mama Mitutu. "Leo nimewaletea nyepesi."

Mkwe wake wa pili akaja mbio kushusha makasha yale yale. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ukimaliza nipakilie hizo nzito zenu. Kuna watu ng'ambo wanangoja nyepesi kabla ya Ijumaa."