Faili la Breki

Faili la breki lilikuwa na kila kitu isipokuwa breki. Lilikuwa na namba, lilikuwa na tarehe, lilikuwa na jina la mwenye kazi: Hashimu. Shadia alipolifungua, kompyuta ilimjibu kwa adabu kwamba hapo pameshikwa nafasi tu, mchoro wenyewe utawekwa baadaye.

Alisonya mpaka paka aliyelala chini ya meza akafumbua jicho.

Akafungua faili la ngoma ya kuzungushia kamba. Nafasi. Akafungua gia. Nafasi. Kapi la juu nalo, nafasi. Michoro yake mwenyewe, fremu na kiti cha injini, ilikuwa mle kamili, kila tundu na kipimo chake. Ya Hashimu ilikuwa majina matupu. Ukitazama orodha ungesema mtambo umekwisha. Ukimenya, ni gunzi lisilo na punje.

Kwenye mfumo wa michoro wa karakana yao pale Kihonda, mtu aliruhusiwa kufungua faili tupu ili kushika namba ya kifaa ambacho bado hajakichora, wenzake wasikwame. Ni jambo la siku moja, mbili. Hashimu alikuwa ameligeuza kuwa maisha.

Na leo haikuwa siku ya mzaha. Mchana huu alitakiwa awe mjini, mbele ya Richard, akiwa na michoro yote ya winchi ya kushushia mboga kutoka mashamba ya Mgeta. Ikiwa kamili, cheo cha mkuu wa usanifu ni chake. Richard alikwisha kumwambia kwa kinywa chake. Ikipungua, asahau. Tangu amalize chuo alikuwa akichora vitu ambavyo wengine ndio walipigiwa makofi, na alikuwa amechoka.

Alimkuta Hashimu nje, kivulini, akila wali maharage taratibu kama mtu aliye likizo.

"Hashimu, breki iko wapi?"

"Karibu chakula, dada Shadia."

"Nimeshiba. Breki iko wapi?"

"Ipo nyumbani. Nilishaichora zamani."

"Mbona kwenye mfumo hakuna kitu? Umeweka jina tu."

"Nimeshika nafasi. Nitaiweka ikihitajika."

"Inahitajika leo."

Hashimu aliacha kutafuna. "Nani kaiomba?"

"Kazi ndiyo imeiomba!" Shadia alifoka. "Kule Mgeta kina mama wanateremka na matenga ya karoti kichwani, njia inateleza, halafu wewe huku unashika nafasi! Huoni hata haya?"

Hashimu alimtazama, kisha akarudi kwenye sahani yake. Punje ya wali ilikuwa imemganda ndevuni. Shadia aliiona, akageuza uso. Mtu mzima, fundi mzima, hata kujifuta hawezi.

Akaingia kwa Bi. Theresia, mwenye karakana, akamweleza yote, na sauti hakuipunguza. Bi. Theresia alimsikiliza mpaka mwisho huku akifuta miwani kwa upindo wa kitenge.

"Mwache Hashimu," alisema. "Aliniomba afanye hivyo, nikamruhusu."

"Umemruhusu, mama? Akae na kazi ya karakana nzima nyumbani kwake?"

"Acha ikae huko kwanza. Kwani wewe una haraka ya nini, mwanangu? Vyuma vyenyewe vinaingia mwezi ujao."

Shadia alitoka akiwa amekunja uso kama aliyelamba shubiri. Hivi ndivyo kazi zinavyooza, alijisemea. Mmoja analala, mwingine anamfunika shuka. Na wewe unayejituma ndiye unayeonekana una kelele.

Wenzake walipokwenda kula, alirudi mezani, akanakili kilichokuwepo. Fremu, kiti cha injini, na yale majina matupu ya Hashimu nyuma yake. Alitia flashi mkobani, akatoka, akasimamisha bajaji. Wingu zito lilikuwa limeshuka mlimani, na njia nzima alikuwa akipanga namna ya kueleza aibu ambayo si yake.

Richard alikuwa amechagua meza ya ndani kabisa kwenye mgahawa, mbali na mlango, kompyuta iko wazi na soda yake haijaguswa. Alichomeka flashi, akafungua fremu, akatabasamu. "Hii safi. Mkono wako huu, naujua." Akafungua kiti cha injini, akaitikia kwa kichwa. Akafungua breki.

Akafungua ngoma. Akafungua gia. Tabasamu likamtoka.

Shadia hakusubiri kuulizwa. Alimweleza habari za Hashimu na nafasi zake, wali wake na ndevu zake. Alimweleza jinsi Bi. Theresia alivyomkingia kifua mchana kweupe. Kadiri alivyoeleza ndivyo hasira ilivyompanda, mpaka mhudumu aliyekuwa akija na menyu akabadili njia.

Richard alichomoa flashi, akaisukuma upande wa pili wa meza kwa kidole kimoja.

"Tulikubaliana uibe mtambo mzima, Shadia. Mimi nitafunguaje karakana kwa fremu na kiti cha injini?"

"Sasa ulitaka nifanyeje, kaka Richard?" Shadia alijibu, machozi ya uchungu yakimlenga. "Watu ninaofanya nao kazi hawaaminiki."