Salamu za Kibalochi

Mama Mapazia alikuwa juu ya ngazi, pini mdomoni, akilisalimia pazia kwa heshima zote.

"Baga nagaan dhuftan," aliliambia, akainamisha kichwa. Karibuni sana. Pazia, ambalo siku hiyo lilikuwa mkwe wake, halikujibu. Akatema pini, akarudia kwa sauti ya juu zaidi.

Mkata vioo, jirani yake wa mlango wa pili, akachungulia karakana. "Mama, nani kakufundisha Kioromo?"

"Kioromo gani? Hiki ni Kibalochi."

"Umenikaribisha kwa lugha aliyoninyonyeshea mama yangu, halafu unaniambia ni Kibalochi?"

"Nilikuwa nakaribisha pazia. Wewe umedandia tu."

Jirani akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Mama Mapazia hakucheka. Mwanawe wa pekee alikuwa kapata mchumba kazini kwake, ng'ambo, binti wa Kibalochi, na mama wa binti alikuwa ametoa neno lake: hamwozi mwanawe kwenye nyumba ambayo yeye na mama wa kijana watakaa wakitazamana kama sanamu. Angekuja kujionea mwenyewe. Pasipo na mazungumzo, hapana harusi.

Ndiyo maana Mama Mapazia, aliyeacha shule akiwa mdogo, alijiandikisha masomo ya jioni. Alifanya siri, hata mwanawe hakumwambia. Alitaka awaache yeye na wakwe midomo wazi. Mwanzoni siri hiyo waliijua Mungu, ambaye alisumbuliwa asubuhi na jioni, na mwalimu, kijana mwenye tangazo lililobandikwa ukutani na kusambazwa kwenye simu za watu: LUGHA YOYOTE DUNIANI. DARASANI AU KWA SIMU.

Jioni ile alimkabili mwalimu kabla hajaketi. "Jirani yangu anasema unanifundisha Kioromo."

Mwalimu alifuta ubao, ingawa haukuwa na kitu. "Mama, wewe ni fundi. Ukikata mapazia mawili kutoka jora moja la kitambaa, moja ukalitundika sebuleni na jingine chumbani, si watu wataona ni mapazia tofauti? Basi Kibalochi na Kioromo ni hivyohivyo. Jora moja."

"Jora moja?"

"Lugha zote mbili huweka kitenzi mwisho kabisa wa sentensi. Muulize yeyote."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimfurahisha mno. Alipenda lugha inayokungojesha hadi mwisho ndipo ujue kama mtu anakupa kitu au anakunyang'anya. Hakuuliza tena. Mwalimu naye alimruhusu mapema kidogo, maana simu yake ilikuwa inaita. "Nina mama mwingine huku," alisema, "naye ana haraka kama wewe."

Tangu hapo Mama Mapazia akawa hashikiki. Maji kwa Kioromo? Bishaan. Kwa Kibalochi? Bishaan vilevile, ajabu ya Mungu. Asante? Neno lileile. Kila mara mkata vioo alipopita na kioo kikubwa kifuani, alimsimamisha, wakapiga soga ndefu, jirani kwa Kioromo, yeye kwa Kibalochi, bila kukwama hata mara moja. Kwenye kikundi cha sala aliwaeleza wenzake kwamba Mungu alipozitawanya lugha za wanadamu, hizi mbili alizisahau zimeshikana mikono.

"Mama," jirani alimwambia siku moja, safari hii bila kucheka, "lugha hizo hata hazijuani. Mkwe wako atakukodolea macho. Mwambie mwanao mapema."

"Una wivu wa lugha, jirani."

Lakini siku ya ugeni, alipokuwa akitundika mapazia mapya sebuleni, alilitundika moja juu chini, akalishusha akalitundika upya. Akasimama dirishani, akafumba macho. "Bwana," aliomba, "kama nimepotea, nifunge mdomo kabla sijaufungua."

Gari likasimama nje. Mdomo haukufungwa.

Alishuka mwanawe, kisha binti, kisha mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa na uso wa mtu aliyekuja kukagua. Mkata vioo, aliyealikwa kama jirani, alijibanza kwenye ngazi za mlangoni, akajifunika uso kwa kofia.

"Baga nagaan dhuftan," akasema Mama Mapazia.

Mama wa binti akamtazama. Midomo ikamcheza. Mwana akakohoa.

Halafu mkwe akauachia mkoba ukaanguka, akafungua mikono, na maneno yakamwagika: safari, magoti, joto la garini, mapazia mazuri hivi kayashona nani, wajukuu watapewa majina gani. Mama Mapazia alielewa kila neno. Akajibu, akauliza, akatania. Wakashikana mabega wakicheka na kulia kwa pamoja, sentensi juu ya sentensi, kila moja na kitenzi chake mwishoni. Katikati ya furaha hiyo aligeuka akamtupia jirani yake jicho: jora moja, si nilikuambia?

Mkata vioo akakaa chini kwenye ngazi. Kofia ikamdondoka, hakuiokota.

"Harusi ipo," mwana akamnong'oneza mchumba wake, machozi yakimlengalenga. "Sikujua kabisa kwamba mama anakijua Kibalochi hivi."

Binti alikuwa bado ametumbua macho.

"Hicho si Kibalochi," akasema. "Mama yangu kafundishwa kwamba hicho ndicho Kiswahili chenu. Kwa simu."